Kabuti la Nzomo

Kiema alizaliwa Ikutha, katika boma lililokuwa na mbwa wengi kuliko watoto. Baba yake, Nzomo, alikuwa mwindaji, tena si wa kubahatisha. Majirani walisema Nzomo akikuahidi nyama, wewe bandika sufuria. Siku hizo kuwinda hakukuwa aibu. Ilikuwa kazi kama kulima, tofauti ni kwamba mkulima alingoja mvua na Nzomo hakungoja mtu.

Nzomo alikuwa na desturi aliyoirithi kwa baba yake. Akifika mahali ambapo mbwa wangemharibia windo, hakuwafunga kamba, maana mbwa wa kufungwa porini ni chakula cha chui. Alivua nguo aliyoivaa juu, akaitandika chini, akamwambia mbwa maneno mawili tu ya Kikamba: "Ikala vaa," yaani kaa hapa. Basi mbwa alilala juu ya nguo ile asiondoke, jua liwake, mvua inyeshe, paa apite mbele ya pua yake. Angekaa hapo mpaka mwenye nguo arudi. Lakini nguo ikiondoka, mbwa naye aliifuata, kwa kuwa hakuachiwa mahali alinde, aliachiwa nguo. Kiema aliyajua hayo kabla ya kujua kusoma.

Nguo ya Nzomo ilikuwa kabuti la kijeshi, zito, rangi ya majani makavu, alilorudi nalo kutoka vita vya Wazungu. Ndilo alilolivaa siku waliyomkamata. Serikali ya mkoloni ilikuwa imeichukua nyika yote ile ikaiita mbuga, na watu waliolala wakiwa wawindaji wakaamka wakiwa majangili. Kiema alimwona baba yake akipitishwa sokoni Ikutha mikono imefungwa nyuma, mbwa wake wameshapigwa risasi, na watoto wa darasa lake wamepanda ukuta waone vizuri. Kesho yake shuleni hakuwa Kiema tena. Alikuwa Mwana wa Jangili, na jina hilo lilimganda mpaka akaacha shule.

Wahenga walisema mdharau kwao mtumwa. Walisema vizuri. Ila hawakusema mtoto afanye nini akichekwa kila asubuhi.

Alichofanya Kiema ni kuondoka. Nchi ilipopata Uhuru alikuwa Mtito Andei, akijaza mafuta kwenye malori ya Mombasa na kulala katika chumba kilichonuka matairi. Akajifunza ufundi wa magari kwa kuiba kwa macho, akawa fundi kweli. Akaokoka, akaimba besi katika kwaya ya kanisa, akamwoa Nthenya, binti wa watu wa Zombe. Alipoulizwa baba yake alikuwa nani, alijibu kwamba ni mkulima wa huko Ikutha. Hata Nthenya aliambiwa hivyo, mpaka siku alipokwenda kumsalimia mkwewe akakuta mshale umechomekwa darini. Nthenya alikuwa mwanamke wa kujua na kunyamaza.

Nzomo alikuwa ametoka jela mnyonge, mtu wa kukaa kivulini na kukohoa. Hakuwinda tena, lakini alibaki na jike moja la mbwa lililoponea chupuchupu siku ile, na kizazi chake hakikukatika. Kabla ya kufariki, mwaka wa sabini na tano, alimwita Kiema akamkabidhi vitu viwili: lile kabuti, na mtoto wa mbwa mwekundu aliyelala ndani yake, masikio makubwa hata akadondoka akijaribu kusimama.

"Huyu ndiye wa mwisho wa wale," mzee alisema. "Usimpe mtu."

Kiema akamwita Matu, yaani masikio. Alimfundisha kimyakimya nyuma ya nyumba, jioni watu wakiwa kanisani au sokoni, vile vile alivyoona baba akifundisha. Kwa nini alimfundisha, yeye ambaye hakuwa na mpango wa kuwinda hata panya? Hakujiuliza. Pengine kuna mambo ambayo mikono huyataka mdomo ukiwa umeyakana.

Sasa, pale kwenye pampu, Kiema alikuwa na ugonjwa wake. Watalii walipita na magari yenye nyumba ndani: kitanda, jiko, pazia dirishani, sahani zimepangwa ukutani. Wangejaza mafuta, wanywe soda, kisha wapinde kuelekea milimani. Kiema alifuta vioo vyao akichungulia ndani mpaka akaitwa mara ya pili. Milima ile ilikuwa ya baba yake kabla ya kuwa yao. Nzomo aliingia huko kwa kutambaa, na ndiko kulikomletea pingu. Mwanawe alitaka kuingia kwa geti, ameketi kitini, amelipa kama binadamu, askari amsalimie. Hilo tu. Watu wametamani makubwa kuliko hayo wakapewa.

Bahati ikaja kwa njia ya injini iliyoungua. Mume na mke kutoka ng'ambo waliacha Kombi yao hapo gereji, wakasema hawana haja nayo tena, fundi aichukue. Ilikuwa na kitanda cha kukunja na kabati. Kiema aliitengeneza zaidi ya mwaka, kipuri hapa, kipuri pale, na Mtito nzima ikamcheka kwamba anajenga nyumba ya magurudumu wakati nyumba yake ya udongo inavuja. Waliomsaidia badala ya kumcheka walikuwa wawili. Mutie, fundi cherehani waliyeimba naye kwaya, alimshonea mapazia na kufunika godoro. Na Gachanja, mwenye hoteli ya chakula kando ya barabara, mtu wa Murang'a aliyekuja Mtito na sufuria mbili akawa tajiri wa wali na nyama karanga, alitoa jiko la stovu na vyombo.

Gachanja alikuwa mtu mwema, lisemwe hilo mapema ili mtu asije akakosea baadaye. Mwema wa kelele, anayekutendea jambo kabla hujamwomba. Alimpenda Matu vilevile. Kila jioni mbwa yule alipita nyuma ya hoteli akatupiwa mifupa, na mtu mwingine yeyote Mtito Andei hakuthubutu kumgusa isipokuwa Kiema, Nthenya na Gachanja.

Wanaume hao watatu wakaondoka na Matu Agosti, mwaka wa themanini na moja, msimu wa baridi na ukungu. Nthenya, aliyebaki nyumbani na watoto, aliuliza mbwa anakwenda wapi. Kiema akamwambia watalii huwa na mbwa zao garini, yeye mwenyewe amewaona pale pampuni. Kweli alikuwa amewaona. Hakujua kwamba wale walikuwa wakienda baharini.

Siku za kwanza zilikuwa tamu. Walipandia upande wa Kibwezi kuingia milima ya Chyulu, Kombi ikilia kama punda aliyepakiwa saruji, Gachanja na Mutie wakishuka kusukuma kila mahali penye utelezi. Walipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, juu ya kilele, ukungu umefunika nchi yote chini yao. Mutie aliimba tenzi. Matu alikimbia nyasini masikio yamesimama, akirudi kila mara kuhakikisha Kiema yupo, na usiku alilala mlangoni juu ya kabuti. Kiema alijihisi mtu mzima kwa mara ya kwanza, na alikuwa na watoto watatu, wa kwanza wao Mumbua.

Kisha wakashuka upande wa pili, wakafika geti dogo la mbuga, kizuizi cha mti na kibanda cha mabati. Askari alikuwa kijana nadhifu. Alimsalimia Kiema kwa heshima, kama Kiema alivyoota, kisha akachungulia ndani ya gari.

"Mzee, hiyo mbwa haiingii," alisema. "Ikionekana ndani ni risasi, na hatuulizi ni ya nani. Huku mbwa ni ya jangili."

Mutie alisema basi warudi tu, wameona vya kutosha. Gachanja akasema wametoka mbali mno, na mbuga ni ya siku moja. Wangelala ndani usiku mmoja na kutoka asubuhi kwa geti lilo hilo. Askari hakuwa mbaya. Alisema mbwa anaweza kubaki nje pale, ila shauri yao.

Kiema alitazama barabara nyekundu iliyopita chini ya kile kizuizi. Alikuwa ameingoja tangu ujana. Akamwita Matu, wakaenda nyuma ya kichaka, mbali kidogo na kibanda. Akavua kabuti, akalitandika, akainama na kumwambia yale maneno mawili kwa sauti ya chini. Matu akalizunguka mara moja, akalala.

Alipotokea, askari alikuwa akimtazama.

"Humfungi?"

"Hatoki," Kiema alijibu.

"Nani amemfunza hivyo?"

Lilikuwa swali tu. Pengine kijana alitaka maongezi, maana geti lile halikuwa na wageni wengi. Lakini Kiema aliuona ukuta wa soko la Ikutha na watoto waliokaa juu yake.

"Ni mbwa ya nyumbani tu," alisema. "Hata kulinda haijui. Imezoea kulala."

Angeweza kuwaambia rafiki zake. Walikuwa hatua chache tu, milango ya gari wazi. Neno moja lilitosha: hilo kabuti ni la mbwa, msiliguse. Lakini askari alikuwa amesimama pale pale, na neno lile lingezaa swali jingine, na swali jingine lingemzaa Nzomo. Kiema akaingia kibandani kulipa. Gachanja naye akaenda nyuma ya kichaka kujisaidia.

Aliporudi Kiema, wote walikuwa wameketi. Akawasha gari, askari akainua mti, akapiga saluti ya mzaha. Kiema alitazama kioo cha nyuma akaona vumbi tu. Akacheka peke yake kwa furaha, Mutie akamuuliza anacheka nini, akasema hakuna.

Jioni waliegesha Kombi juu ya kilima walichoelekezwa kulala. Upepo ulikuwa mkali, lakini ukungu uliondoka ghafla, na Kilimanjaro ukatokea mzima, theluji yake nyekundu kwa jua la magharibi. Gachanja aliivua kofia yake. Walikunywa chai wakiwa wamekaa kwenye ngazi ya gari kama wale watalii, Kiema katikati, na kama kungekuwa na njia ya kuikomesha siku pale, basi ingekomeshwa.

Mlio wa bunduki ulisikika kutoka bondeni. Mmoja tu.

"Majangili hao," Mutie alisema.

Gachanja akatikisa kichwa, akasema watu hawa hawasikii. Kisha wote wawili wakamwangalia Kiema, si kwa kumshuku, kama watu wanavyoangaliana tu baada ya kusikia jambo. Naye akaona ni lazima aseme kitu.

"Wacha wapigwe," alisema. "Hao ndio wametuharibia jina."

Jua likazama, baridi ikaanza kuuma. Kiema alikuwa na shati tu, na meno yakaanza kugongana. Gachanja akaangua kicheko, akainuka, akafungua kabati chini ya kitanda akijisifu kwamba bila yeye watu wangekufa. Akamrushia Kiema mabegani kitu kizito, kilichonuka mbwa.

"Kabuti lako, Baba Mumbua. Ulilisahau pale geti. Nilikuta mbwa amelilalia, analichafua bure, nikalivuta. Hata akanitingishia mkia."

Kiema alilishika. Manyoya mekundu yalikuwa yamejaa kwenye kola. Aliufikiria ule mlio wa bondeni, akaona njia yote kama mbwa alivyoiona, pua chini, kwenye alama za magurudumu, kutoka getini mpaka chini ya kilima kile.

Alisimama akachukua ufunguo. Mutie akamshika mkono akamkumbusha kwamba gari haliruhusiwi kutembea mbugani giza likiingia, watakamatwa. Na Kiema akakaa. Hilo ndilo ambalo Nthenya, alipohadithiwa baadaye, alishindwa kulielewa. Lakini mtu aliyeiogopa sheria tangu utotoni haijui njia ya kuivunja hata inapobidi.

Walimkuta alfajiri, mahali barabara inapokunja kuanza kupanda kilima. Alikuwa katikati ya alama za magurudumu ya Kombi, uso umeelekea juu. Masikio ndiyo yaliyoonekana kwanza. Mbele kidogo kulikuwa na alama za Landrova iliyogeuza.

Udongo ule ni mawe ya moto wa kale, hauchimbiki. Wakakusanya mawe, watatu wote. Mutie alilia waziwazi. Kiema alitaka kumfunika kwa kabuti kwanza, akawa amelikunjua, lakini Gachanja akamzuia kwa upole kwamba asitupe nguo nzuri hivyo, mbwa hahisi baridi tena. Kiema akalikunja akalirudisha garini. Waliporundika jiwe la mwisho, Gachanja akapangusa mikono, akasema maneno aliyodhani ni ya kufariji.

"Pole sana. Lakini tuseme ukweli, mbwa yako hakuwa na adabu. Angekaa alipoambiwa, angekuwa hai."

Kiema akaenda kuwasha gari.

Kombi iliuzwa kabla ya Krismasi. Kiema alirudi kwenye magari ya wengine, na vioo vya watalii akawaachia vijana wafute. Gachanja aliipenda hadithi ile ya safari. Aliisimulia hotelini kwa madereva na kwa wageni: jinsi walivyosukuma gari Chyulu, jinsi theluji ilivyowaka, jinsi fundi alivyosahau kabuti lake na karibu afe kwa baridi, na jinsi mbwa wake mpumbavu alivyotoroka kwenda kutafuta risasi. Kila mwaka mbwa alizidi upumbavu. Kiema, akiwepo, alitabasamu kwa upande mmoja.

Angemwambia, lakini njaa ya themanini na nne ikaja, ile iliyowakuta watu na pesa mfukoni bila chakula cha kununua, na Gachanja akaleta gunia la mahindi nyumbani kwa Kiema bila kuulizwa, akalibeba begani mwenyewe. Utamwambiaje mtu kama huyo kwamba wema wake una damu? Kwa hiyo Kiema alikula mahindi ya Gachanja, na Matu akabaki mpumbavu.

Mambo yaliendelea hivyo mpaka arusi ya Mumbua, binti yake wa kwanza, mwaka wa tisini na tatu. Gachanja, ambaye sasa alitembea kwa fimbo, alipewa nafasi ya kusema kama rafiki wa familia. Akaisimulia hadithi. Watu wa upande wa bwana arusi walicheka mpaka wakapangusa macho. Alipofika kwa mbwa alisema kwamba Kiema amelea mabinti wenye adabu, ashukuru Mungu hawakufundishwa na aliyemfundisha yule mbwa.

Hema lote likacheka. Kiema hakucheka. Aliyemfundisha mwalimu wa mbwa yule alikuwa amelala Ikutha katika kaburi lisilo na jina.

Wakati wa chakula Kiema alichukua birika na beseni akawanawisha wazee, kama baba wa arusi apendaye kuonyesha unyenyekevu. Alipofika kwa Gachanja, aliinama, akaanza kummiminia maji, akasema kwa sauti ya chini ambayo mtu wa pembeni hakuisikia.

"Matu hakutoroka. Nilimwachia lile kabuti alilinde. Ni desturi ya wawindaji. Ulipolichukua, ulimwambia atufuate."

Gachanja aliendelea kusugua mikono kwa muda, polepole, kama aliyesikia lugha ngeni. Kisha ikasimama. Uso wake, uliokuwa umejaa kicheko dakika ile ile, ulizeeka mbele ya Kiema. Na Kiema, Mungu amsamehe, alifurahi. Miaka kumi na miwili ya kutabasamu kwa upande mmoja ilikuwa imepata mlipaji.

"Mimi," Gachanja alisema.

"Wewe."

Gachanja akamtazama. Macho yake yalikuwa na machozi, lakini sauti ilikuwa shwari.

"Na wewe ulikuwa pale, Baba Mumbua. Mdomo ulikuwa nao. Mbona hukuniambia?"

Jibu lilikuwepo. Lilikuwa fupi, na Kiema alilijua tangu jioni ile kilimani. Kulisema kungemlazimu aseme kwamba alimwonea aibu baba yake mbele ya kijana wa getini ambaye hata jina hakumjua, na kwamba kwa aibu hiyo alimtoa kafara mbwa wa mwisho wa Nzomo. Mficha uchi hazai. Alikuwa ameuficha wake miaka yote, na sasa alitaka mtu mwingine augue badala yake.

Akasimama pale ameinama, akimimina, mikono ya Gachanja imetulia chini ya maji. Alimimina mpaka birika likaisha, na akabaki ameliinamisha vile vile. Mzee aliyefuata kwenye benchi akamgusa bega, akamwambia akaongeze maji, watu wana njaa.